Maswali ya Wasomaji: Viuno vya Miaka ya 1950 Vilipatikanaje?

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya arusi iliyopigwa hapa mjini katika miaka ya 1950, wakati Lubumbashi ilipokuwa bado ikiitwa Élisabethville, ambamo wanawake watatu wamesimama kando ya bibi arusi wakiwa na magauni yaliyobana kiunoni na kupanuka kuanzia nyonga hadi chini ya magoti. Barua zilizotufikia tangu hapo zinauliza, kila moja kwa namna yake, jinsi viuno vile vilivyopatikana. Nimechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wasomaji wengine pia.

SWALI: Mimi ni fundi wa nguo katika Kamalondo. Bibi arusi mmoja aliipenda picha yenu, akaniomba nimshonee gauni kama la yule mwanamke wa kulia. Nilimpima kwa uangalifu, nikakata, nikapiga bandi, akajaribu. Kifua cha gauni hakikai mahali pake, kiuno kinapanda kila anapoketi, na sketi inaning'inia tu bila kusimama. Arusi iko karibu. Nirekebishe wapi? (Mama Fundi, Kamalondo)

JIBU: Mama Fundi, pokea salamu zangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, mkasi wako hauna kosa. Ulimpima bibi arusi akiwa amevaa sidiria ya kila siku na chupi laini, ilhali gauni unaloliiga lilikatwa kwa ajili ya mwili uliokwisha kupangwa na nguo nyingine kabla gauni lenyewe halijavaliwa. Fundi makini wa wakati ule alimtaka mteja aje kupimwa akiwa na sidiria ileile na mkanda uleule wa kubana atakaouvaa siku ya sherehe, kwa sababu vipimo vilivyochukuliwa bila vitu hivyo vilikuwa vipimo vya mtu mwingine.

Tofauti yenyewe si ndogo. Sidiria za miaka hiyo zilishonwa kwa pamba ngumu au satini, na nyingi ziliimarishwa kwa mishono ya mviringo iliyozunguka kikombe hadi kwenye ncha; ile ya kampuni ya Maidenform iliyoitwa Chansonette, ya mwaka 1949, ndiyo inayotajwa zaidi. Sidiria ya aina hiyo iliinua kifua na kukichongoa, kiasi kwamba umbali kutoka begani hadi nchani mwa kifua unaweza kupungua kwa sentimita mbili au tatu. Mikunjo ya kifuani uliyoinakili kutoka kwenye picha inaelekea huko juu, na kwa mteja wako huko juu hakuna kitu cha kuijaza. Mkanda wa kubana nao haukuondoa nyama ya mtu. Uliisogeza tu, nyingine juu kuelekea mbavuni, nyingine chini kuelekea nyongani, ukaisawazisha hadi mapajani ili kitambaa cha nje kiteleze bila kuonyesha mstari.

Hata hivyo nisingependa umbane huyo bibi arusi hadi akose pumzi mbele ya padri, maana sehemu kubwa ya kiuno kile ilikuwa hesabu ya macho. Mbunifu wa mavazi Mfaransa Christian Dior alipoonyesha mavazi yake ya kwanza mjini Paris tarehe 12 Februari 1947, mavazi ambayo mhariri wa Marekani Carmel Snow aliyapa jina la New Look (Sura Mpya), koti lililopata sifa kuliko yote lilikuwa la hariri yenye rangi ya maziwa, limeshikana na kiuno na kutiwa pedi nyongani, juu ya sketi nyeusi ya sufu yenye marinda mengi. Mabega mapana ya wakati wa vita yaliachwa, yakaja mabega ya mteremko. Ukiweka pedi nyongani, na sketi ikameza mita nyingi za kitambaa, kiuno cha kawaida kabisa kitaonekana kuwa kiuno cha nyigu bila mtu kuumia. Kwa hiyo anza na pande mbili uzipanue, ndipo ufikirie kupunguza katikati, na pengine utakuta hakuna haja.

Siri nyingine imo ndani ya gauni lenyewe. Mafundi wakubwa wa Paris walitia bitana ngumu, na magauni mengi ya jioni yalikuwa na korseti nzima, yaani vazi gumu la kubana kiwiliwili, iliyoshonwa kwa ndani, hivi kwamba gauni lilikuwa na umbo lake hata kabla halijamwona mvaaji. Kwa kazi yako fumua kiwiliwili tu, uiache sketi ilivyo. Mwambie bibi arusi atafute sidiria imara yenye vikombe vya kushonwa, aivae, kisha umpime upya. Kata kiwiliwili cha ndani kwa amerikani au drili ukifuata uzi wa kitambaa, bila hanamu, kwa kuwa hanamu itanyumbuka na kuharibu kazi yote. Halafu shona mifereji myembamba juu ya mishono na upitishe humo baleni, yaani vijiti vyembamba vya kusimamisha kitambaa. Kama baleni za chuma ni ghali, washonaji wengi hutumia ile mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya za umeme: uikate iwe fupi kidogo kuliko mfereji, uzungushe ncha zake kwa mkasi, kisha uzipitishe juu ya moto wa kiberiti ili zilainike na zisitoboe kitambaa wala ngozi.

Sehemu ambayo mafundi wetu huisahau mara kwa mara ni utepe wa kiuno. Huu ni utepe mgumu usionyumbulika, wenye upana wa sentimita mbili na nusu hivi, unaoshikizwa ndani ya gauni kwenye mishono michache na kufungwa kwa kulabu zake wenyewe kabla zipu haijapandishwa. Ndio unaobeba uzito wa sketi. Usipokuwapo, sketi huvuta kiwiliwili chini mvaaji anaposimama, na anapoketi kiwiliwili hupanda kwa kuwa hakuna kilichokishikilia. Kuhusu sketi kulala, dawa yake ni gagulo la tule (kitambaa chepesi cha wavu) lenye tabaka kadhaa, kila tabaka ya chini ikiwa na marinda mengi kuliko ya juu yake, na upande wa ndani uwekewe kitambaa chepesi cha pamba, kwa sababu tule huwasha na huchana soksi.

SWALI: Gazeti hili nalisoma pamoja na wajukuu wangu. Je, hamna mambo ya maana zaidi ya kuandika kuliko nguo za ndani za wanawake? (Baba Mkubwa, Katuba)

JIBU: Baba Mkubwa, nakujibu kwa heshima zote. Nguo hizo zilitengenezwa kwa mpira, na sidhani kama yupo mzee wa Kongo atakayesema kwamba habari ya mpira ni habari ndogo. Tangu mwaka 1931 viwanda vilikuwa na uzi ulioitwa Lastex, yaani uzi mwembamba wa mpira uliozungushiwa pamba au hariri, ambao uliweza kufumwa kama uzi mwingine wowote na kunyumbuka pande zote. Kuanzia hapo mwanamke aliweza kubanwa bila kufungwa kwa kamba mgongoni. Kisha vita vikaja. Japani ilipoiteka Malaya na visiwa vinavyoitwa leo Indonesia mwanzoni mwa mwaka 1942, nchi za Magharibi zilipoteza mashamba yaliyowapa sehemu kubwa ya mpira wao, na hapo serikali ya Wabelgiji ikawarudisha wanavijiji wa nchi hii msituni kutafuta mpira wa mwitu, kazi ambayo wazee wao waliikumbuka kwa hofu tangu enzi za Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Siku za kazi ya lazima zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Mpira huo ulikwenda kwenye magurudumu ya vita, nayo nailoni ikaenda kwenye parachuti, na wanawake wa Ulaya na Marekani wakabaki na mikanda ya zamani iliyolegea. Mitindo iliyofuata baada ya 1945, ya kubana kiuno na kumwaga kitambaa bila huruma, kwa kiasi fulani ni furaha ya watu waliorudishiwa vitu walivyonyimwa. Wajukuu wako wakisoma hayo, sioni aibu iko wapi.

SWALI: Marehemu bibi yangu alijifunza kushona katika foyer social, yaani kituo cha kufundishia wanawake kazi za nyumbani, ya hapa mjini kabla ya uhuru. Ametuachia sanduku la bati. Ndani yake kuna kitu cha rangi ya waridi kinachofanana na sketi fupi sana, chenye kipande cha satini mbele, zipu ya chuma ubavuni, na vibanio vinne vinavyoning'inia chini. Kuna kingine cheusi, kirefu hadi kiunoni, chenye vikombe na vyuma ndani. Cha tatu ni kama bomba la mpira mtupu, na sasa kinanata. Ni vitu gani, na tuvitunze vipi? (Mjukuu, Ruashi)

JIBU: Mwanangu, sanduku hilo lina karibu historia nzima ya jambo tunalolizungumzia, nami naomba msigawane vitu hivyo kabla hamjavipiga picha.

Hicho cha waridi ni mkanda wa kubana uliovaliwa kila siku chini ya gauni au sketi. Kiangalie kwa karibu utaona kwamba hakikufumwa kwa namna moja: kipande cha satini cha mbele hakinyumbuki, kwa sababu kazi yake ni kulaza tumbo, ilhali pande mbili ni za wavu wenye nyuzi za mpira ili mvaaji aweze kupanda ngazi na kuketi. Vibanio vinne ni vya soksi, viwili kwa kila mguu. Soksi ndefu za nailoni, ambazo zilianza kuuzwa Marekani nzima tarehe 15 Mei 1940, hazikuwa na mpira wa kuzishikilia. Ukingo wake mnene ulivutwa juu ya kitufe kidogo cha mpira, kisha kitufe kikasukumwa ndani ya sehemu nyembamba ya kitanzi cha chuma, na hapo soksi ikakaa. Jaribu kwa kipande cha kitambaa, utaona jinsi kilivyo kifaa cha akili. Maana yake ni kwamba mkanda ulikuwa na kazi mbili, kubana na kushika soksi, na hata msichana mwembamba ambaye hakuwa na cha kubana aliuvaa kwa ajili ya ile kazi ya pili. Zipu ya chuma inaonyesha kwamba yaelekea mkanda huo ni wa kabla ya katikati ya miaka ya 1960, kwa kuwa baadaye zipu za nailoni zilienea.

Cheusi ni cha jioni. Kilivaliwa chini ya gauni lisilo na mabega, nacho kiliunganisha sidiria na mkanda kuwa kitu kimoja kilichosimama kwa nguvu ya vyuma vyake. Marcel Rochas wa Paris alikirudisha kiuno cha namna hiyo katikati ya miaka ya 1940 kwa vazi fupi lililoitwa guêpière, na mwaka 1952 kampuni ya Warner's ya Marekani ikauza lake lililoitwa Merry Widow, kwa kufuata jina la filamu ya mwaka huohuo aliyocheza Lana Turner. Tafuta kitambulisho kidogo cha kitambaa karibu na kulabu za mgongoni. Kama bado kinasomeka, kitakueleza zaidi kuliko mimi.

Hilo bomba la mpira ni la aina iliyotolewa mwaka 1940 na kampuni ya International Latex ya Marekani kwa jina la Playtex. Halikushonwa hata kidogo, wala halikuwa na baleni wala mshono, na kwa sababu hiyo halikuonekana chini ya nguo nyembamba. Nitoke nje ya njia kidogo: kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza mavazi waliyovaa wanaanga wa Apollo 11 walipokanyaga mwezi mwaka 1969, na washonaji wake wanawake ndio walioyashona, tabaka kwa tabaka, kwa cherehani. Mimi niliyefundisha kukata na kushona sikuacha kuwasimulia wanafunzi wangu habari hiyo kila walipolalamika kwamba kazi yetu inadharauliwa.

Kwa nini vitu hivyo vilikwenda sandukuni? Kwa upande wa viwanda, mwaka 1958 mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont alipata uzi mpya unaonyumbuka bila mpira, ule unaojulikana leo kwa jina la Lycra, uliofanya mikanda mizito ionekane ya kizamani. Mwaka 1959 kiwanda cha Glen Raven cha Marekani kikaanza kuuza soksi zilizounganishwa na chupi hadi kiunoni, na vibanio vikakosa kazi. Halafu sketi fupi za miaka ya 1960 zikamaliza yaliyobaki, kwa maana hakuna njia ya kuficha vibanio chini ya sketi inayoishia katikati ya mapaja. Kwa upande wetu yalikuwapo mambo mengine. Katika miaka ya 1970 siasa ya Rais Mobutu ya uhalisi, yaani ya kurudi kwenye mila za Kiafrika, iliwataka wanawake wavae vitenge, suruali na sketi fupi zikapigwa marufuku, na chini ya kikwembe kilichofungwa vizuri nani angehitaji zipu ya chuma ubavuni?

Kuhusu kuvitunza, tenga kwanza hicho kinachonata, maana mpira unaooza huchafua kila kinachougusa na hauponi tena kwa kuoshwa. Vingine vipungie hewa kivulini. Msijaribu kuvivaa wala kuvivuta ili kuona kama bado vinanyumbuka, kwa sababu nyuzi za mpira zilizozeeka hukatika ndani kwa ndani hata kama kitambaa kinaonekana kizima. Vifungeni katika shuka jeupe la pamba lililooshwa vizuri, bila mfuko wa plastiki, vilale bila kukunjwa, na vitanzi vya chuma vizungushieni kitambaa ili kutu isienee. Na sanduku la bati msilirudishe juu ya dari chini ya mabati: joto la huko ndilo linalomaliza mpira kabla ya kitu kingine chochote.

SWALI: Nimejifungua hivi karibuni. Sokoni kuna mikanda ya mpira ya kubana tumbo, ile wanayoiita gaine, na mwuzaji ananihakikishia kwamba nikiivaa mchana na usiku kiuno changu kitabaki hivyohivyo, kama cha wale mabibi wa kwenye picha yenu. Mama mkwe wangu yeye ananifunga kwa kitenge. Nimsikilize nani? (Mama Mtoto, Kampemba)

JIBU: Dada, hongera kwa mtoto. Mabibi wa kwenye picha, walipofika nyumbani na kuvua, miili yao ilirudi ilivyokuwa asubuhi, na alama nyekundu za mishono juu yake. Mkanda hauyeyushi mafuta. Jasho unaloliona chini ya mpira ni maji, na ukinywa vikombe viwili yamerudi. Zaidi ya hayo, mkanda uliobana sana husukuma chakula na asidi kutoka tumboni kurudi kooni, hufupisha pumzi, na kwa mwanamke aliyetoka kujifungua huongeza mzigo juu ya misuli ya nyonga ambayo tayari imechoka kwa kazi ya uzazi. Wale wanaosimulia kwamba wanawake wa zamani waliondolewa mbavu ili wabanike wanarudia uvumi tu. Lililo kweli ni kwamba korseti kali za kabla ya miaka hii tunayoizungumzia zilikunja mbavu za chini, na daktari Mfaransa Ludovic O'Followell alilionyesha hilo kwa picha za eksirei mwaka 1908.

Kitenge cha mama mkwe nakipendelea kwa sababu moja: unaweza kukilegeza mwenyewe wakati wowote. Kikifungwa kwa kiasi, hadi uweze kuvuta pumzi ndefu na kuketi bila maumivu, kinakupa egemeo na kukutuliza mgongo, na hilo si jambo dogo. Kizazi chenyewe hurudi taratibu katika muda wa wiki sita hivi, kifungwe kisifungwe. Kama ulijifungua kwa kupasuliwa, usifunge chochote juu ya kidonda kabla hujamwuliza mkunga au daktari aliyekuhudumia. Wakati wa kulala, vua chochote ulichojifunga, hata kama mwuzaji ameapa.

SWALI: Shangazi yangu alikuwa akisema kwamba mikanda ya mpira haikuvaliwa bila poda. Ni kweli au ni porojo zake? (Msomaji wa kike, mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi)

JIBU: Ni kweli kabisa. Mpira mtupu hushika ngozi, na ngozi yenye unyevu hata kidogo hukataa kuupitisha. Kwa hiyo mvaaji alijikausha vizuri, akanyunyiza poda mwilini na ndani ya mkanda, akaukunja nusu upande wa nje, akaingiza miguu, kisha akaupandisha kidogo kidogo kwa viganja, kamwe si kwa kucha, maana kucha moja ilitosha kuupasua. Baadaye watengenezaji waliutoboa vitundu vidogo ili upitishe hewa, na wakautandika pamba laini kwa ndani. Mnamo Juni na Julai, baridi ya hapa Lubumbashi ingemruhusu shangazi yako kuustahimili. Mwezi wa Oktoba, mvua ikiwa bado haijashuka, nadhani angeuvaa kwa ajili ya misa tu na kuuvua kabla ya chakula cha mchana.